Mpira wa Dakika ya Sitini na Saba

Alhamisi alasiri, fundi cherehani alikuwa amesimama nyuma ya mkwe wake, futi ya kupimia shingoni na pini nne mdomoni, anampima mabega. Chumba kilikuwa kidogo: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ya kukatia yenye mguu mmoja uliofungwa kitambaa ili usicheze, kopo la vifungo, kopo la pini, na kamba iliyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye kamba zilining'inia jezi kumi na tatu za timu ya mtaa, zimekauka, zinangoja kushonwa makwapa. Makwapa ndiyo huchanika kwanza. Mwanamume akirusha mpira anararua kwapa moja, akishangilia goli anararua la pili.

"Inua mikono, mwanangu."

Mkwe akainua. Alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Kutwa alizunguka nyumba kwa nyumba, akipanda ngazi, akiruka mitaro na kukimbia mbwa, na miguu yake ilikuwa imekaza kama mchi.

"Mabega kumi na sita na nusu," fundi akasema kwa kona ya mdomo, maana pini zilikuwa mle mle. Kwenye daftari akaandika kumi na sita.

Kivuli cha mpira kilikuwa kimefika kizingitini, kwa hiyo ilikuwa saa tisa na nusu. Mpira wenyewe ulikuwa nje, juu ya uwanja, kimo cha ghorofa tatu, mahali ulipokuwa kwa miaka thelathini na sita. Ulikuwa wa ngozi ya kahawia, wa vipande virefu virefu kama ilivyoshonwa mipira ya zamani, na upande wa jua ulikuwa umepauka. Njiwa walipenda kutua juu yake lakini hawakukaa sana, kwa kuwa ulikuwa ukizunguka polepole, kama unavyozunguka mpira uliopigwa kwa ubavu wa mguu. Mgeni akiuliza aliambiwa ule ni mpira wa dakika ya sitini na saba, naye akasema aha, akaendelea na safari yake.

Aliyeupiga ni huyu huyu fundi, enzi hizo ana miaka kumi na tisa. Kaka yake, ambaye watu walimwita Kiberenge kwa mbio zake, aliamka siku ya fainali na jipu kwenye paja la kulia, kubwa kama limau. Wachezaji walikuwa kumi na mmoja tu, hakuna wa akiba, na mwanamke hakuruhusiwa kuvuka mstari ila kwa kupeleka maji. Kiberenge akampa dada yake jezi namba saba, kofia ya sufu ya kufichia nywele, na onyo kwamba asifungue mdomo. Dada akacheza dakika sitini na saba kwa jina la kaka yake, kimya kama maji ya mtungini. Dakika ya sitini na saba akaupata mpira katikati ya uwanja, akamwona golikipa wa timu ya ng'ambo ya reli ametoka langoni, akaupiga kwa mguu wa kushoto. Mpira ukapanda. Kofia ikadondoka. Refa akaona nywele, akapuliza filimbi mpira ungali hewani.

Hapo pakawa na tatizo la sheria. Kama ni goli, limefungwa na mtu ambaye hayumo kwenye fomu. Kama si goli, itabidi kusema ni kwa nini, na kusema kwa nini ni kukiri kwamba mwanamke amewazungusha mabeki wa kiume saa nzima na dakika saba. Kamati ilikaa vikao vitatu, ikanywa chai, ikaahirisha. Mpira nao, kwa kuwa hakuna aliyeamua uangukie wapi, haukuanguka. Mechi ikaandikwa kitabuni "haijaisha", na watu wakatafuta mpira mwingine.

Fundi hakumlaumu mtu kwa sauti. Aliolewa, akazaa mtoto mmoja wa kiume, akafiwa na mume, akawa mshona jezi wa timu. Chumba kile alikichagua kwa ajili ya dirisha. Kwa miaka yote hiyo alitaka jambo moja, wala halikuwa kubwa: siku mpira ule utakaposhuka na kuingia, kitabu cha timu kiandike kwamba mfungaji ni yeye. Hakutaka kikombe, hakutaka picha. Mstari mmoja tu.

Sasa ulikuwa umekuja waraka wa ligi ya mitaa. Waraka ulisema michezo ni ya watu wote, na kila timu iwe na wanawake uwanjani wasiopungua watatu, la sivyo inyang'anywe pointi. Katibu wa timu alipiga mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja wanaume, upande mwingine wanawake. Fundi baiskeli, ambaye tangu utotoni hakuna aliyewahi kumwita bwana wala bibi na mwenyewe hakupenda aitwe kimojawapo, aliuliza aandikwe wapi. Katibu akaandika jina lake juu ya mstari wenyewe, na mstari ukapinda kidogo kumpisha. Akapewa kulinda mlango wa goli. Kisha wakaandikwa wanawake watatu: nesi mmoja, mwalimu wa chekechea, na msoma mita.

"Mama," msoma mita aliuliza, mikono bado juu, "unafikiri nitaweza?"

"Kwani kuna kazi gani?" fundi akasema. "Ni kukimbia tu."

Jezi ilipokwisha, mkwe akaivaa, akajinyoosha. "Inabana kidogo hapa mabegani."

"Itaachia ukiizoea."

Haikuachia.

Mechi ya kwanza fundi alikaa pembeni na kopo lake la sindano, kama kawaida. Wanawake watatu walikuwa wamepangwa upande wa mtaro, ambako mpira hufika kwa bahati mbaya. Kapteni, mwashi mwenye sauti ya kubomoa ukuta, aliwaambia wasiwe na wasiwasi, wasimame pale pale. Msoma mita alisimama dakika ishirini. Hakuna aliyempa pasi. Dakika ya ishirini na moja akaona kumpa hawampi, akaenda kuunyang'anya mwenyewe kwa adui, akawapita watu watatu, akapiga, mwamba wa goli ukalia ng'oo.

Watu wakasimama. Mwuza magazeti akageuka, akampiga fundi begani.

"Mama fundi! Mkwe wako ana mguu huyo! Kautoa wapi?"

"Kwao," fundi akasema.

"Hajapata kutokea mwanamke wa hivi mtaani kwetu!"

Fundi akatazama juu. Mpira wa kahawia ulikuwa umeteremka hatua moja. Haukudondoka; ulishuka kama mtu anayeshuka ngazi ya kwanza na kungoja.

Kesho yake kivuli kilifika kizingitini saa tisa na dakika arobaini, na fundi akamcheleweshea mteja suruali kwa sababu saa yake ilikuwa imeharibika.

Mechi ya pili ukashuka hatua mbili. Mechi ya tatu, msoma mita alipopita chini yake, ukamfuata kidogo, kama kuku anavyomfuata mwenye punje. Mkwe mwenyewe aliliona hilo. Jioni, wakiosha vyombo, akasema, "Mama, ule mpira wako naona unanifuata."

"Si wangu. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba ni wangu."

"Lakini kila mtu anajua."

"Kujua ni bure, mwanangu. Hata mbuzi anajua."

Wivu ulimwingia fundi bila kelele, kama unavyoingia unyevu ukutani. Siku unauona, rangi imekwisha kubanduka. Aliwaza kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nguo zake alizishona yeye. Aliwaza kwamba mwanawe, ambaye ni mwoka mikate, zamani alimletea yeye mkate wa kwanza kutoka tanuruni. Sasa mkate wa kwanza ulikwenda kwa "mchezaji", na mama alipewa wa pili, ambao ulikuwa mkate ule ule, wa moto ule ule, lakini ulimkwama kooni. Mwana aliimba jina la utani la mkewe bafuni. Majirani waliokuja kupunguza nguo hawakuzungumzia nguo. Mwanamke mmoja alisimama kwenye kiti apimwe pindo, akatoa hadithi ya mechi ya tatu mwanzo mpaka mwisho, na fundi akamchoma pini ya kifundo cha mguu. Akaomba radhi. Pini nyingine ikamchoma tena, na safari hii hakuomba.

Jumatatu akafunga cherehani, akaenda kwa katibu.

Katibu aliuza miwani. Duka lake lilikuwa na vioo kila upande, hata mtu mmoja akiingia walionekana wanane. Fundi akaingia, wakawa mafundi wanane.

"Nataka kuandikishwa," akasema.

"Kama nani, mama?"

"Mchezaji."

Katibu akavua miwani aliyovaa, akajaribu nyingine, akamtazama kwa hiyo. "Una miaka mingapi?"

"Hamsini na mitano."

"Umri umekwenda, mama."

"Posta ana hamsini na minane, na ni beki." Posta alikuwa tarishi mstaafu, aliyecheza amefunga magoti yote mawili bendeji.

"Posta ni mzoefu."

"Na mimi?"

"Wewe ni mzee."

Mafundi wanane wakamkodolea macho. Katibu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaona aongeze la kumfariji. "Halafu nafasi za wanawake ni tatu, na zimejaa. Mkwe wako ndiye kachukua ya mwisho."

"Waraka unasema wasipungue watatu."

"Ndiyo. Na sisi hatujapunguza."

Alirudi nyumbani kwa miguu, pole pole, na njia nzima hakumwaza katibu. Alimwaza aliyechukua nafasi ya mwisho. Ndivyo mambo yalivyo: anayefunga mlango humwoni vizuri, unamwona aliyetangulia kuingia.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa na timu ya ng'ambo ya reli. Ijumaa mkwe akaleta jezi yake. Bega la kulia lilikuwa limefumuka kwa kubana. "Mama, nisaidie hapa," akasema, akaenda zake kusoma mita. Fundi akakaa kwenye cherehani. Akaondoa nyuzi zilizokatika, akalinganisha mkono wa jezi na bega. Kisha akasogeza cherehani pembeni, akachukua sindano ya mkono, akapiga bandi. Bandi ni mshono wa kushikiza tu, wa hatua ndefu ndefu, unaotolewa nguo ikishonwa sawasawa. Hauhimili hata chafya. Akakata uzi, akapiga pasi juu yake ukalala vizuri. Fundi wa miaka thelathini hapigi bandi kwa kukosea.

Siku ya mechi mpira wa kahawia ulikuwa umeshuka hadi kimo cha kifua cha mtu, karibu na katikati ya uwanja. Kamati ilitangaza uhesabiwe kama nguzo: mchezaji akigongana nao, shauri yake. Wachezaji wakauzunguka. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa refa siku hiyo, alitundika koti lake juu yake wakati wa kukagua viatu, akaliondoa mchezo ulipoanza.

Hadi dakika ya sitini hakuna aliyefunga. Dakika ya sitini na moja msoma mita aliinua mkono kuomba pasi, kwa mara ya kumi na tisa siku hiyo, na mkono wa jezi ukamtoka wote, ukabaki umening'inia kiganjani kama soksi. Refa akamwonyesha nje. Sheria ni sheria: jezi ichanikayo irekebishwe, mchezaji ndipo arudi.

Akaja pale alipokaa fundi, anahema, akachuchumaa.

"Mama, hii ni bandi."

Fundi alikuwa anatia uzi sindanoni. Uzi ulikataa mara tatu.

"Nimekaa nawe miaka minne," mkwe akasema. "Najua mshono, na najua bandi."

"Kama unajua, unauliza nini?"

"Siulizi." Akajifuta jasho kwa ule mkono wa jezi. "Ulitaka nitoke."

"Nilitaka uonje." Fundi alisema hivyo akitazama tundu la sindano. "Mchezo umekukolea, mguu umepata moto, halafu mtu anakutoa. Mara moja tu. Ningekushonea ukarudi. Mimi sikurudi."

Mkwe akakaa chini kabisa, miguu mbele. Kapteni alikuwa akipiga kelele kwamba wako pungufu, ingawa mchezo ulikwenda vile vile.

"Nami siku zote hizi nikidhani unanionea wivu kwa ajili ya mwanao," akasema.

"Huyo mchukue."

Mkwe akacheka, kicheko kikamtoka puani. Kisha kikaisha. "Mama, msimu mzima wamenipa pasi mbili. Moja ilikuwa ya Posta, kateleza. Mpira wote nilioucheza nimeuiba. Nikipiga mwamba wanasema mwanamke huyu ana nguvu kama mwanamume, nikikosa wanasema si tulisema. Hiki ndicho unachonionea wivu?"

Fundi akafikiri. Hakutaka kusema uongo, umri ule.

"Hata hizo pasi mbili," akasema.

Mkwe akasimama. Akavua jezi, ndani alikuwa na fulana ya kazini yenye nembo ya idara ya maji. Akaiweka jezi namba kumi na moja kwenye mapaja ya mama mkwe wake.

"Basi ingia. Refa yule anatazama namba."

Fundi akaivaa. Mabega kumi na sita, na yake yalikuwa kumi na saba. Ile nusu aliyoiba ikamuuma makwapani, akaona ni haki. Mkono wa kulia haukuwepo. Viatu vya mkwe vilimpwaya, akaviacha, akakunja sketi kiunoni, akaingia na miguu mitupu. Refa akaangalia daftari: kumi na moja alitoka, kumi na moja amerudi. Akatia alama. Wachezaji wenzake waliona wazi ni mama fundi, kwa kuwa aliwashonea nguo kila wiki, lakini wakaona si kazi yao.

"Kumi na moja!" kapteni akaita. "Kaa upande wa mtaro!"

Kumi na moja hakukaa upande wa mtaro. Alitembea, hakukimbia, mpaka katikati ya uwanja, akasimama pale alipokuwa amesimama akiwa na miaka kumi na tisa. Palikuwa bado pana kibonde kidogo cha kisigino. Mpira wa kahawia ukaanza kuzunguka haraka. Hakuupiga, ulikuwa umekwisha pigwa. Alijisogeza tu pembeni kuupisha, na mpira ukaendelea na safari yake kwa kasi ile ile aliyoupa, ukapanda kidogo, ukashuka. Golikipa wa ng'ambo ya reli alikuwa ametoka langoni kufuata mpira mwingine. Wavu ukatuna, vumbi la miaka thelathini na sita likatoka kwenye ngozi, njiwa wawili wakazunguka hewani wakitafuta pa kutua.

"Goli," refa akasema, akaangalia saa. Dakika ya sitini na saba.

Watu wakapiga makofi. Mwuza magazeti akauliza ni goli la mechi gani, akaambiwa la ile ya zamani, akasema aha. Mchezo wa siku hiyo ukaendelea kwa mpira wake hadi mwisho, bila bila. Fundi alitoka uwanjani akihema, mkwe akampa maji. Fundi aliyanywa yote, na kwa mara ya kwanza msimu ule hakuna kitu kilichomkwama kooni.

Jumamosi iliyofuata kamati ilikaa katika darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Fundi alikaa safu ya mbele na mkwe wake. Kaka yake Kiberenge, ambaye sasa alikuwa kinyozi, mnene kidogo, nguo zimepigwa pasi, alikaa nyuma. Mwenyekiti alisoma uamuzi. Mechi ya zamani ilibakisha dakika ishirini na tatu, lakini kwa kuwa nusu ya wachezaji wa siku ile walikwisha fariki na hawakuonyesha nia ya kurudi, mechi imehesabiwa kuisha. Moja bila. Timu ya mtaa ndiyo bingwa wa mwaka ule.

Darasa likashangilia. Katibu akafungua kitabu, akapanguza miwani.

"Mfungaji," akasoma huku akiandika, "namba saba. Kiberenge."

Fundi akasimama. "Aliyepiga ni mimi."

"Mama, fomu ya siku ile inasema namba saba ni Kiberenge."

"Na juzi? Juzi nani alikuwa uwanjani?"

Katibu akafunua kurasa, kwa heshima kabisa. "Juzi ni namba kumi na moja, msoma mita. Kwa mujibu wa kitabu, mama, wewe hujawahi kuingia uwanjani."

"Sote tulimwona," fundi baiskeli akasema kutoka mlangoni, alikozoea kusimama.

"Kitabu hakina macho," katibu akasema.

Msoma mita naye akasimama. "Basi mimi nasema sikuwa mimi. Andika hivyo."

"Nikiandika hivyo, timu ilichezesha mtu asiyeandikishwa, na wanawake walikuwa wawili. Tutanyang'anywa pointi." Katibu aliwatazama wote wawili kwa huruma. "Waraka huu umewekwa kwa faida yenu, jamani. Msiuharibu."

Ikabaki mtu mmoja. Fundi akageuka nyuma, akamtazama kaka yake. Darasa zima likageuka. Kiberenge akainuka polepole kwenye dawati lile dogo, akafunga kifungo cha koti. Alimtazama dada yake, akatazama kitabu, akatazama mikono iliyokwisha anza kupiga makofi.

"Asanteni," akasema.

Wino ukakauka. Mwenyekiti akafunga kikao kwa kusema kwamba timu yao imekuwa mfano kwa mitaa mingine katika kushirikisha jinsia zote, na kwamba msimu ujao nafasi za wanawake zitaendelea kuwa tatu.

Wiki tatu baadaye fundi alipeleka mashuka ya kunyolea kwa kinyozi, maana kaka ni kaka na pindo zilikuwa zimefumuka. Dukani palikuwa na mteja mmoja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, na wawili wakingoja zamu. Ukutani, juu ya kioo, palikuwa na cheti ndani ya fremu. Kiberenge alikuwa anasimulia, mashine ya kunyolea imezimwa mkononi ili isimzibe sauti.

"... nikainua macho, namwona kipa huyo katoka. Sikufikiri. Nikauchapa kwa mguu wa kulia."

"Kushoto," fundi akasema, akiweka mashuka kwenye rafu.

"Eh, kushoto," kaka akakubali bila kusita, kama mtu aliyekumbushwa tarehe. "Huyu ni dada yangu. Alikuwepo siku hiyo."

Mteja wa kitini akazungusha kichwa chote kumtazama, yule mwenye nusu nywele. Wale wawili wa kwenye benchi nao wakamtazama. Fundi alilitambua jicho walilomtazamia. Alikuwa ameishi nalo muda mrefu.

"Mama, una bahati," mteja akasema. "Sisi tumezaliwa tukaukuta uko juu tu. Wewe ulikuwepo ukipigwa! Mimi ningetoa kidole changu nilione goli lile." Akameza mate. "Mpira ulikuwaje?"

Fundi akalikunja shuka la mwisho mara mbili, akalilinganisha pembe na pembe.

"Ulikuwa mzito," akasema. "Niliusikia mpaka gotini."

Mteja akatikisa kichwa kwa kijicho cha kweli, akawageukia wenzake. "Mnaona? Lile ndilo goli. Hata waliokuwa pembeni walilisikia."

Kaka akawasha mashine, akaendelea na upande wa pili.